Subaru: Kilimia cha Wajapani na Ndimi za Wenye Magari

Utangulizi

Wahenga wetu walipotaka kujua majira ya kulima walitazama juu. Kundi la nyota walilolitafuta angani waliliita kilimia, jina ambalo mzizi wake ni kile kitenzi tukijuacho sote, -lima. Wazulu na Waxhosa, ambao lugha zao zina nasaba na yetu, huziita nyota hizo hizo isiLimela. Waarabu huziita Thurayya. Wajapani huziita Subaru. Ndiyo kusema kwamba kila gari la Subaru linapotupita barabarani na mngurumo wake unaosikika kabla ya gari lenyewe kuonekana, kilimia ndicho kinachopita, ingawa ni wachache miongoni mwetu wanaolijua hilo.

Makala haya yananuia kueleza historia ya kampuni iliyolichukua jina hilo, na kisha kuzichunguza kauli za wenye magari yake, hasa hapa Kenya. Dai letu ni kwamba sifa na lawama zinazotoka vinywani mwa watu hao hazipingani kama inavyodhaniwa. Zote ni watoto wa tumbo moja, na tumbo lenyewe ni uamuzi wa kiufundi uliofanywa na wahandisi wa ndege waliokuwa wamekatazwa kuunda ndege. Yamkini msomaji atauliza gari lina uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba watu hawazungumzi juu ya gari wanalolipenda bila kutumia tamathali, na penye tamathali mwanafunzi wa fasihi hahitaji kibali cha kuingia.

Kutoka angani hadi barabarani

Neno subaru lina asili ya kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kukusanyika pamoja au kuungana. Ni neno kongwe. Takriban mwaka wa 1000, Sei Shonagon, mwanamke aliyehudumu katika kasri la malkia, alizitaja nyota hizo mwanzo kabisa katika orodha yake ya nyota zenye kupendeza kwenye kitabu kiitwacho Makura no Soshi. Wajapani wana jina jingine la nyota hizo, Mutsuraboshi, ambalo hurejelea nyota sita. Nembo ya gari nayo ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Nyota hizo hazikuwekwa ziwe pambo tu, kama tutakavyoona punde.

Chikuhei Nakajima alikuwa mhandisi katika jeshi la wanamaji la Japani. Mwaka wa 1917 aliacha jeshi akaanzisha karakana ya kuunda ndege katika mji wa Ota, mkoani Gunma, kaskazini mwa Tokyo. Kufikia Vita vya Pili vya Dunia, karakana hiyo ilikuwa imekua na kuwa mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za ndege nchini Japani. Ndiyo iliyounda ndege ya kivita iliyojulikana kama Hayabusa. Hata ile ndege mashuhuri ya Zero, ambayo ilibuniwa na Mitsubishi, zaidi ya nusu ya zilizoundwa zilitoka katika viwanda vya Nakajima. Mnamo Februari 1945 ndege za Marekani zilikishambulia kiwanda cha Ota kwa mabomu. Miezi michache baadaye Japani ikasalimu amri, na Wamarekani walioitawala wakapiga marufuku uundaji wa ndege.

Hapa ndipo hadithi inapoanza kunoga. Walikuwapo maelfu ya mafundi na wahandisi ambao kazi yao ya pekee ilikuwa imeharamishwa. Kampuni ilibadilishwa jina ikaitwa Fuji Sangyo, nao wakaanza kuunda chochote kilichoweza kuuzika. Mwaka wa 1946 walitoa pikipiki ndogo iliyoitwa Rabbit, na pikipiki za mwanzo zilitumia magurudumu ya mkiani yaliyosalia kutoka kwa ndege za kuangusha mabomu. Mwaka wa 1950 kampuni hiyo ilivunjwa ikawa kampuni 12 ndogondogo, kwa kuwa watawala hawakutaka makampuni makubwa yaliyoshiriki vita yaendelee kuwa na nguvu. Lakini mwaka wa 1953 kampuni tano kati ya hizo ziliungana tena chini ya jina la Fuji Heavy Industries. Rais wake wa kwanza alikuwa Kenji Kita. Gari lao la majaribio lilipokamilika mwaka wa 1954, inasimuliwa kwamba Kita aliwaomba wafanyakazi wapendekeze majina, asilipende hata moja, ndipo akatoa la kwake: Subaru. Nyota tano ndogo ni zile kampuni tano. Ile kubwa ni kampuni iliyozaliwa kutokana na muungano wao. Katika uhakiki tungesema kwamba jina hilo ni jazanda iliyokomaa: waliotawanywa wamekusanyika, na waliokatazwa kuruka wamejiita nyota.

Gari hilo la majaribio halikupata kuuzwa kwa wingi. Lililoijulisha kampuni kwa umma ni Subaru 360 la mwaka wa 1958, kazi ya mhandisi Shinroku Momose, ambaye hapo awali alishughulikia injini za ndege. Serikali ya Japani ilikuwa imeweka kundi maalumu la magari madogo, yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 360, ili mwananchi wa kawaida naye aweze kununua gari. Momose na wenzake walilikabili tatizo hilo kama watu wa ndege. Badala ya kujenga fremu nzito na kulibandika bodi juu yake, walilifanya bodi lenyewe liwe ndilo mifupa ya gari. Waliegemea bati jembamba na hesabu nyingi. Gari lilikuwa na uzani wa takriban kilo 400, nao watu wanne waliweza kukaa ndani yake, japo kwa kubanana. Wajapani walilipa jina la utani, tentomushi, yaani yule mdudu mdogo wa mviringo mwenye madoadoa mgongoni. Liliendelea kuundwa hadi mwaka wa 1971.

Wamarekani hawakulipenda. Lilipoanza kuuzwa kwao mwaka wa 1968, tangazo lake lilikiri waziwazi kwamba lilikuwa gari rahisi na lenye sura mbaya. Mwaka uliofuata jarida la watumiaji bidhaa, Consumer Reports, likatoa hukumu kwamba gari hilo halikubaliki, kwa sababu za usalama. Kampuni nyingi zingefungasha virago.

Injini iliyolala

Jambo lililoipa Subaru sura yake ya kudumu lilitokea mwaka wa 1966, gari la Subaru 1000 lilipotolewa. Hapa tunamwomba msomaji avumilie maelezo kidogo ya kiufundi, maana bila hayo hataelewa kwa nini jirani yake analisifu gari lake asubuhi na kulilaani jioni.

Katika magari mengi, silinda husimama wima kwa mstari, na pistoni hupanda na kushuka ndani yake. Katika Subaru silinda zimelazwa: mbili zimeelekea kushoto na mbili kulia, na pistoni zake husukumana kwenda nje na kurudi ndani, mithili ya mabondia wawili wanaogonganisha glavu kabla ya pambano. Ndiyo maana injini hii huitwa boksa. Si kwamba Subaru ndio walioibuni. Volkswagen lile la mgongo wa kobe, lililoshinda Safari Rally mwaka wa 1962, lilikuwa na injini ya namna hiyo, na Porsche wangali wanaitumia. Lakini Subaru waliishikilia wakaifanya kuwa msingi wa takriban magari yao yote makubwa.

Faida zake ni bayana. Kwa kuwa injini imelala, uzito wake uko chini, karibu na ardhi, hivyo gari haliyumbi sana linapokata kona. Pistoni zinazokabiliana hufutiana mitikisiko. Aidha, injini ni fupi na pande zake mbili zinalingana, kwa hiyo gia hukaa nyuma yake moja kwa moja katikati ya gari. Ukitaka kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, hakuna kona ya kuzunguka. Unaongeza shafti inayonyooka kuelekea nyuma, basi.

Wazo la kuiongeza shafti hiyo lilitoka kwa wateja. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilikuwa na wafanyakazi waliopanda milima yenye theluji kukagua nyaya. Walitumia magari aina ya Jeep, ambayo yalikuwa na baridi kali na yaliyowatikisa viungo. Wakauliza kama gari la kawaida lingeweza kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Muuzaji wa Subaru wa eneo hilo akajaribu, kiwanda kikalichukua wazo, na mwaka wa 1972 likatolewa gari la Leone la magurudumu manne. Wakati huo nguvu ya magurudumu manne ilihusishwa na magari ya kijeshi na ya shambani. Kuitia katika gari la familia lilikuwa jambo geni. Kwa maoni yangu, hilo ndilo tukio muhimu kuliko yote katika historia ya kampuni hii, na inafurahisha kwamba halikuanzia katika chumba cha wakurugenzi bali kwa mafundi wa umeme waliochoka kutetemeka.

Yaliyofuata tutayapitia haraka. Legacy lilitoka mwaka wa 1989, na mwaka huo huo likaendeshwa katika jimbo la Arizona, Marekani, kilomita 100,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Impreza lilitoka mwaka wa 1992, na Forester mwaka wa 1997. Toyota ilinunua hisa za kampuni hiyo kwa mara ya kwanza mwaka wa 2005, kisha ikaziongeza. Mwaka wa 2017 jina la Fuji Heavy Industries liliachwa na kampuni nzima ikaitwa Subaru Corporation. Kitengo cha ndege nacho hakijafa: sehemu ya katikati ya mabawa ya ndege aina ya Boeing 787 huundwa na Subaru.

Vumbi la Safari Rally

Mkenya hakuijua Subaru kutokana na matangazo ya gazetini. Aliijua akiwa amesimama kando ya barabara wakati wa Pasaka, vumbi likimjaa machoni. Mwaka wa 1993 Patrick Njiru aliingia katika Safari Rally na kigari cha Subaru Vivio, ambacho injini yake haikufika hata robo tatu ya lita. Raia wa Scotland, Colin McRae, naye alikuwa na Vivio lake. Alikimbia kama mwenye pepo, gari likamfia mapema. Njiru alifika mwisho na kushinda katika kundi la magari ya injini ndogo. Kwa watazamaji wengi, kumwona Mkenya mwenzao akikipitisha kigari kama kile katika matope na mawe lilikuwa tangazo lisilohitaji maneno.

McRae alirudi na Impreza akashinda Safari Rally mwaka wa 1997, naye Mwingereza Richard Burns akashinda na Impreza mwaka wa 2000. Katika kipindi hicho Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa makampuni miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Rangi ya buluu yenye nyota za manjano ikawa sare ya ndoto za vijana. Kampuni ilijiondoa katika mashindano ya dunia mwishoni mwa mwaka wa 2008, na Safari yenyewe ilikuwa imeondolewa katika ratiba ya dunia baada ya mwaka wa 2002, isirejee hadi 2021. Hata hivyo sifa zilikuwa zimekwisha kutua. Magari yaliyotumika yalikuwa yakishuka katika bandari ya Mombasa kutoka Japani, na usukani wake ulikuwa upande ule ule wetu wa kulia.

Wenye magari wanasemaje?

Nchini Marekani, ambako gari la kwanza lilikataliwa, wenye Subaru wamekuwa watu waaminifu kupindukia. Katika miaka ya 1990 kampuni iligundua kwamba wanunuzi wake wakuu walikuwa walimu, wahudumu wa afya, watu wa kompyuta, wapenzi wa milima na misitu, na wanawake wanaoishi na wapenzi wao wa kike, ikaanza kuwalenga makundi hayo katika matangazo yake. Picha ya mwenye Subaru kule ni mtu mtulivu mwenye mbwa kiti cha nyuma.

Picha yetu ni tofauti kabisa. Hapa mwenye Subaru huchorwa kama kijana asiyesikia la mwadhini, mwenye bomba la moshi kubwa na haraka isiyo na sababu. Wenyewe huitwa vijana wa Subaru, hata wanapokuwa na mvi. Ukiyasikiliza mazungumzo yao utagundua kwamba gari limepewa uhai kamili. Tashihisi zimejaa tele: Subaru inanguruma, inakohoa, inakunywa, inakasirika. Zingatia pia upatanisho wa kisarufi. Gari la kawaida ni “gari langu limeharibika”, lakini hawa husema “Subaru yangu imeharibika”, kana kwamba wamelitoa katika umbo la jumla wakalipa ngeli yake mahsusi. Chuku nayo haikosi. Hakuna mwenye Subaru aliyewahi kutoka Nakuru hadi Nairobi kwa muda unaoaminika.

Sifa wanayoitaja kwanza ni jinsi gari linavyoshika barabara. Anayeishi Limuru, Nyahururu au Kinangop, ambako mvua ikinyesha barabara ya udongo hugeuka kuwa sabuni, atakueleza kwamba Toyota ya jirani ilibaki mtaroni ilhali yeye alipita. Hiyo si chuku. Ni ile shafti iliyonyooka na ule uzito ulio chini, kazi ya wale mafundi wa theluji.

Sifa ya pili ni mngurumo, na hapa wengi hukosea. Hudhani sauti ile ya kugugumia hutokana na injini ya boksa yenyewe. La hasha. Hutokana na mabomba ya moshi yanayotoka kila upande wa injini yakiwa na urefu usiolingana, hivyo moshi hufika kwa mapigo yasiyo sawa. Legacy la mwaka wa 2003 lilipowekewa mabomba yanayolingana, sauti ilitulia, na wapo waliolalamika kwamba gari limenyamazishwa. Mtu kulilia kasoro iliyorekebishwa ni jambo la kustaajabisha, lakini ndivyo mapenzi yalivyo.

Lawama nazo zina mpangilio wake. Ukiingia Grogan au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, fundi atakwambia kwamba injini ya kawaida ina hedi moja, ila ya Subaru ina mbili, moja kila upande. Kwa hivyo gasketi ni mbili, na uwezekano wa kuvuja ni maradufu. Injini za lita 2.5 zilizoundwa kuanzia miaka ya 1990 zilijulikana duniani kote kwa tatizo hilo la gasketi, maji na oili vikavuja au kuchanganyika, hasa injini ikishapata joto kupita kiasi. Kubadilisha plagi, kazi ya dakika chache katika magari mengine, huku humtaka fundi apenyeze mkono ubavuni mwa injini pasipo nafasi. Kwa kazi kubwa, injini hung'olewa nzima. Isitoshe, mkanda unaoendesha vali ni mrefu na hupita pande zote mbili. Unapaswa kubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000, umbali ambao magari mengi yaliyotumika huwa yanaukaribia yanapofika Mombasa. Mnunuzi asiyelijua hilo hushangaa gari “jipya” linapozimika njiani na vali zikiwa zimepinda.

Kuhusu kiu ya petroli, wenye magari husema kweli, lakini nusu. Kuzungusha magurudumu manne muda wote kuna gharama yake. Zaidi ya hayo, magari yenye tabo, yaani kile kifaa kinachosukumiza hewa ndani ya injini, yalitengenezewa petroli ya hali ya juu ya Japani yenye okteni ya takriban 100. Petroli yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Injini huwaka kabla ya wakati wake, hugonga, na mwendeshaji akizidisha kasi huweza kupasua pistoni. Hapo lawama huangukia gari, ilhali lilinyweshwa kisichokuwa chake. Injini mpya zilizoanza kutolewa mwaka wa 2010 zilitumia cheni badala ya mkanda, na kilio cha gasketi kikapungua, ila kilizuka kingine cha injini kula oili, hata kesi ikafikishwa mahakamani Marekani na kumalizwa kwa maridhiano mwaka wa 2016.

Tumeona basi kwamba anayesifu na anayelaumu wanaizungumzia injini ile ile iliyolala. Uzito ulio chini ndio unaolibeba gari kwenye kona. Hedi mbili zilizotazamana na kuta ndizo zinazomlipisha mwenye gari kwa fundi. Huwezi kulinunua la kwanza ukaliacha la pili dukani.

Ipo kauli nyingine ambayo haitoki kwa wenye magari. Wakati wa maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha mwaka wa 2024, na katika miezi iliyofuata, taarifa za watu waliotekwa nyara zilitaja tena na tena magari ya Subaru yasiyo na alama za polisi. Katika kipindi hicho neno Subaru lilipata maana ambayo Kenji Kita hangeweza kuiwaza. Kwa kijana wa mtaani mngurumo ule ulikuwa fahari. Kwa mzazi aliyekuwa akimsubiri mwanawe usiku, ulikuwa sababu ya kuzima taa. Wanaisimu hueleza jinsi maana ya neno inavyoweza kuporomoka pole pole kwa karne nyingi. Hili liliporomoka kwa wiki chache, na wauzaji wa magari hawakuwa na la kufanya.

Mwaka wa 2022 Subaru ilianza kuuza Solterra, gari la umeme lililobuniwa pamoja na Toyota na kuundwa katika kiwanda cha Toyota. Halina silinda, hedi wala gasketi, na halingurumi. Katikati ya mwaka huo huo wenye magari ya kwanza waliambiwa wasiyaendeshe, kwa kuwa boliti za magurudumu zingeweza kulegea. Sakafuni mwake, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, imelazwa betri.